Sumaku ya Spika Mbovu

Mto ulikuwa umekwisha. Pembe zake zimekaa sawa, uzi umezama ndani ya kitambaa hata mwenye macho makali asingeona ulipoanzia wala ulipoishia. Kazi iliyobaki ilikuwa kuufunga kwenye nailoni na kuupeleka. Lakini fundi aliuweka mapajani, akachukua wembe, akaanza kuukata mshono ule ule aliotoka kuushona.

Hakukata kwa hasira. Alikata taratibu, kama mtu anayemvua nguo mgonjwa. Sponji ilipochungulia, akaingiza vidole, akapapasa. Akaitoa nje, akaikunja, akaiminya, kisha akatoa mfukoni kipande cheusi cha sumaku na kukipitisha juu yake, upande huu na upande ule. Sumaku haikushika kitu. Akaipitisha tena.

"Na huo nao?"

Kaka yake alikuwa amesimama mlangoni, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni.

"Mdogo wangu, nakuuliza. Huo si niliuweka kwenye rundo la kupelekwa?"

"Ndio."

"Sasa umeufuata nini?"

"Nilihisi kitu ndani."

"Ulihisi kwa mkono, au ulihisi kwa kichwa?"

Kaka akashusha pumzi, akavuta kigoda na kuketi mbele yake. Mito ile ilikuwa ya shule ya chekechea, ya watoto kulalia mchana. Mwalimu alikwisha pita asubuhi kuuliza, akaambiwa aje jioni. Sasa jioni ilikuwa inabisha hodi, na mito mitatu ilikuwa imelala sakafuni matumbo wazi.

Kutoka upande wa pili wa ukuta wa mabati, mchomeleaji wa mageti akapaza sauti. "Sumaku! Ukimaliza hapo njoo upitishe na kwangu. Mke wangu simwoni tangu asubuhi, huenda nimemchomelea ndani ya geti."

Watu wakacheka huko nje. Fundi naye akatabasamu, maana alijua kwamba asipotabasamu watamwuliza ana nini. Jina la Sumaku alipewa na huyo huyo mchomeleaji, likamganda. Hata wateja siku hizi walimwita hivyo bila kujua limetoka wapi.

Lilitoka kwenye sindano. Siku moja alikuwa akishona kochi la ngozi nzito, sindano ikakatika. Nusu ikabaki mkononi, nusu ikapotea. Walipiga magoti yeye na kaka yake, wakaikuta chini ya mguu wa meza, inang'aa bila haya. Kaka akaitupa kwenye kopo la vyuma chakavu na kuisahau. Yeye hakuisahau. Aliporudi kushona, wazo lilikuja na kukaa: je, kama ingekuwa imeingia ndani ya kochi? Je, kama mtoto angerukia pale?

Hadi hapo hakuna fundi wa kumshangaa. Ndiyo maana kila mshona makochi ana kipande cha sponji amekifunga kwenye kiganja kama saa, akitoa sindano anaichoma pale, na kabla ya kufunga mto anaitupia jicho, basi. Lakini yeye jicho lile halikumtosha tena. Aliangalia akaangalia tena, na alivyozidi kuangalia ndivyo alivyozidi kutoamini macho yake. Kisha wazo likabadili nguo. Likaacha kusema, je, kama itaingia? Likaanza kusema, je, kama utaiingiza mwenyewe? Je, kama ndicho unachokitaka?

Hilo hakumwambia mtu.

Mtu aliyezoea kucheka na acheke. Lakini mwoga habebi kitu cha namna hiyo kifuani msimu baada ya msimu, akaamka, akanawa uso, akaenda kazini kushika sindano ile ile inayomtisha. Huyu alikibeba peke yake, akakifunga mdomo, na kila siku kilimla kidogo.

Kaka ndiye aliyeleta sumaku. Aliing'oa kwenye spika mbovu iliyokuwa ikikusanya vumbi juu ya kabati, akaja nayo akiwa amejaa furaha ya mtu aliyepata dawa. "Tazama," alisema, akachoma sindano ndani ya sponji, akaizamisha isionekane. Akapitisha sumaku juu. Sponji ikanyanyuka kidogo, sindano ikatokeza kichwa. "Umeona? Ikiwemo, itakuja. Isipokuja, haimo. Sasa utulie."

Alitulia kweli, kwa siku chache. Alipitisha sumaku mara moja, akafunga mto, akapiga mluzi. Baadaye mara moja ikawa haitoshi. Labda alipitisha haraka. Labda sumaku imechoka. Akawa anaijaribu kwanza kwenye sindano ndiyo aipitishe kwenye mto, na akishaipitisha anaijaribu tena kuhakikisha haikuchoka njiani. Kaka alimpa fimbo ya kujiegemeza, nayo fimbo ikaota meno.

Nyumbani mambo yalikuwa mazito zaidi, maana nyumbani kulikuwa na Bibi Mdogo.

Bibi Mdogo alikuwa binti yake wa kwanza, aliyezaliwa na makunyanzi ya bibi yake mzaa baba kwenye paji la uso, na hasira zake pia. Siku ya kwanza kumpakata, fundi aliona utosi wa mtoto ukidunda, laini, bila mfupa. Akasema moyoni, jamani, mtu anakuja duniani akiwa na mlango wazi kichwani. Na hapo hapo, bila kualikwa, sindano ikaja. Aliiona wazi kabisa, mkononi mwake mwenyewe, inashuka.

Alimrudisha mtoto kwa mama yake kama anayeunguzwa.

Tangu siku ile hakumpakata. Ana mafua. Amechoka. Mikono ina gundi. Mke wake alimwamini mwanzoni, kisha akaacha kumwuliza. Fundi alihamia kulala sebuleni akisingizia joto. Kila asubuhi kabla ya kutoka alisimama mlangoni mwa chumba na kuuliza, "Mtoto mzima?"

"Mzima."

"Umemwangalia kichwa?"

"Nimemwangalia."

"Mimi sikuingia humu usiku, eti?"

"Hukuingia, mume wangu. Ungeingia ningekusikia."

Alipata nafuu hadi mwisho wa barabara. Akifika kwenye kona, swali lilikuwa limezaliwa upya, na alipiga simu. Mke alijibu tena. Alijibu kwa upole, akiapa, kwa sababu alimpenda na kwa sababu jibu lilikuwa jambo pekee alilobaki nalo la kumpa.

Ile jioni ya mito ya chekechea, kaka aliishona mwenyewe ile mitatu, akaipeleka, akarudi akiwa kimya. Fundi alikwenda nyumbani mapema. Alimkuta mke wake amevaa tayari, amejifunga mtandio.

"Afadhali umekuja. Mama ameanguka bafuni, nakimbia kumwona. Mtoto ameshanyonya, amelala. Sikai sana."

"Nenda naye."

"Kuna mvua."

"Mchukue, tafadhali."

"Baba mtoto, ni mwanao. Hebu kuwa na haya." Akatoka.

Aliporudi, mvua ilikuwa imekatika, na sauti ya mtoto aliisikia kabla hajafika uani. Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa kwa nje. Mume wake alikuwa amekaa sakafuni mbele ya mlango huo, mikono ameikunja na kuibana kwapani, analia bila sauti. Ndani, Bibi Mdogo alikuwa amelia hadi koo limekauka.

Mke akamruka, akafungua, akamnyanyua mtoto, akamkagua kila mahali. Mzima. Amelowa, basi. Akatoka naye amemkumbatia.

"Umemfungia mtoto?"

"Nilijifungia nje mimi. Nisiingie."

"Kwa nini usiingie?"

Ndipo alipomwambia. Alisema yote, utosi na sindano na mkono, kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu yake. Alipomaliza, aliinua macho, akaona mke wake amerudi nyuma hatua moja. Hatua moja tu. Lakini aliiona, na aliijua maana yake.

Asubuhi mke alifunga mzigo mdogo. "Nakwenda kwa mama. Ana mguu mbovu, anahitaji mtu." Wote wawili walijua kwamba mguu ulikuwa kisingizio. Mlangoni akageuka. "Sikukimbii. Ila siwezi kufumba macho nikiwa na wewe ndani. Siku utakayoweza kumshika mwanao, njoo utuchukue. Kabla ya hapo usije."

Fundi asingefika kwa daktari kama mke huyo huyo asingeongea. Wiki iliyofuata alimpeleka mtoto kliniki kupimwa uzito, na muuguzi akamwuliza mbona yeye ndiye anayepungua. Akajikuta ametapika habari yote. Alitarajia muuguzi aite polisi. Muuguzi aliandika namba ya chumba nyuma ya kadi na kusema, "Mwambie aje hapa. Ugonjwa huo tunaujua."

Daktari alikuwa mama mtu mzima aliyevaa kandambili chini ya meza. Alimsikiliza bila kuandika chochote. Kaka naye alikuwepo, amekaa kando, kofia magotini. Yale ya utosi aliyasikia hapo kwa mara ya kwanza, na macho hakuyainua sakafuni.

"Baba," daktari alisema, "wazo hilo likija, unalipenda?"

"Dokta, bora nife."

"Umewahi kumdhuru mtu?"

"Hapana. Lakini nitajuaje kwamba sitamdhuru? Nataka uniambie. Niambie kwamba sitafanya."

"Sitakuambia."

Kaka akainua kichwa.

"Nimekusikiliza, na sioni mtu wa hatari hapa," daktari aliendelea. "Hilo nimelisema leo, sitalirudia hata ukinipigia magoti. Mawazo ya kipuuzi na ya kutisha humpitia kila mtu. Mimi nikisimama ghorofani, kuna kitu hunambia ruka. Nakiacha kipite, naenda kunywa chai. Wewe lako umelisimamisha, umelihoji, umelidai vyeti. Kila ukipitisha hiyo sumaku unaliambia: maneno yako ni mazito, ngoja nihakikishe. Unalipa kiti, unalipikia. Litaondokaje?"

"Kwa hiyo mimi si mtu mbaya?"

"Umeona? Umeuliza tena." Alisema hivyo bila kumcheka. "Ugonjwa wako unataka hakika, na hakika haipo. Mimi hapa sina hakika kama jiko nyumbani nimelizima. Nimekaa. Kazi yetu ni kukufundisha kukaa."

Aliwapa utaratibu. Vidonge, ambavyo vingechukua wiki kadhaa kabla havijamsaidia. Mto ataukagua mara moja, kama anavyokagua kaka yake, kisha ataufunga na utakwenda. Sumaku itakaa kwa kaka. Akiuliza, asijibiwe.

"Mke wake naye asimjibu?" kaka aliuliza.

"Yeye hasa. Na wewe."

"Huo si ukatili, dokta?"

"Ni mgumu kuliko ukatili. Mkatili hapati shida."

Fundi akauliza kama wazo litaondoka kabisa. Daktari alisema pengine litapungua, pengine litakuja siku akiwa amechoka, na kwamba hakuona sababu ya kumdanganya.

Basi akaanza. Mto wa kwanza kufungwa bila sumaku ulimtoa jasho hadi mgongo wa shati ukabadilika rangi. Alikaa anautazama kama mtu anayetazama nyoka amejikunja. Gari likaja, ukachukuliwa. Alitamani kulikimbilia lile gari. Hakulikimbilia. Hofu ilipanda, ikapanda, ikafika mahali alipodhani ndiyo mwisho wake, halafu, bila yeye kufanya lolote, ikaanza kuchoka yenyewe. Kesho yake ikaja tena, changa kabisa, kana kwamba jana haikuwepo. Alikaa tena.

Jioni alimpigia mke wake.

"Mtoto mzima?"

"Hilo sijibu, mume wangu. Niulize jingine."

"Amekula nini?"

"Kala kidole changu. Ana jino linakuja."

Alipokata simu hakujua kama alikuwa na huzuni au furaha. Vilikuwa vimekaa kiti kimoja.

Kisha kaka akaharibu. Aliharibu kwa moyo mwema, na ndiyo sababu ilikuwa vigumu kumlaumu. Siku baada ya siku alimwona mdogo wake akitetemeka kando ya rundo la mito, na mtu aliyekuambia shika mkono wangu tuvuke barabara utotoni hawezi kukutazama ukitetemeka. Akawa anaitoa sumaku kwenye droo fundi akienda kula, anaipitisha kwenye kila mto. Hatimaye ikamtoka. "Usijisumbue. Mimi nakupitishia. Hakuna kitu."

Raha ilimwingia fundi kama maji ya baridi. Alikula akashiba, akalala usingizi mzito. Asubuhi alifika kazini akiwa wa kwanza.

"Kaka, na ule wa kahawia ulipitisha?"

"Nilipitisha."

"Pande zote?"

"Pande zote."

"Na pembeni, kwenye zipu? Zipu ina chuma, huenda ilikudanganya."

Kaka akamtazama. Kabla wiki haijaisha, wembe ulikuwa umerudi mkononi mwa fundi na mto ukiwa mapajani, mshono nusu wazi. Ila safari hii alijiona. Alisimamisha mkono, akauweka wembe mezani kwa uangalifu mkubwa.

"Kaka, unaniua kwa huruma."

"Sasa nifanyeje? Nikae nikuangalie unavyotetemeka?"

"Ndio. Uniangalie."

"Mimi siwezi, bwana. Umekaa mgongoni kwangu wewe. Nimekubeba wewe."

"Najua. Sasa nishushe."

Upande wa pili mashine ya kuchomelea ilikuwa ikizomea. Kaka akafungua droo, akaichukua sumaku, akatoka nayo. Fundi alisikia mazungumzo kupitia mabati.

"Chukua hii. Itakuokotea misumari."

"Hii si ya mwenyewe? Sasa yeye nimwiteje?"

"Mwite unavyotaka. Ila usimrudishie, hata akija kukulilia."

Mchomeleaji, kwa mara ya kwanza, hakuwa na mzaha mdomoni. Jina halikuondoka, lakini. Bado walimwita Sumaku.

Mvua zikapita. Fundi alikata sponji ndogo ya godoro la mtoto, akaipima kwa urefu aliokisia, maana hakujua mtoto amekua kiasi gani. Akachagua kitambaa cha pamba kilichofuliwa, kisichokwaruza. Godoro hilo alilishona kwa mkono, mshono kwa mshono, na sindano ilipokuwa inapita ndani na nje, lile wazo lilisimama pembeni likimtajia kila alichokiogopa. Hakubishana nalo. Alipomaliza alitazama kiganja, sindano ipo kwenye sponji yake. Mara moja. Akafunga uzi, akakata.

Siku aliyokwenda ukweni ilikuwa mchana wa mawingu. Mama mkwe alikuwa amekaa kizingitini, mguu ameunyoosha juu ya kigoda.

"Karibu, baba," alisema, bila kusogea mlangoni kwa haraka. Macho yake yalikuwa kwenye godoro. "Umeshona mwenyewe?"

"Ndio, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mmelikagua?"

Mke wake alikuwa ametokea nyuma, mtoto begani. Alikuwa amekonda. Alimtazama mume wake usoni, kwa muda, kama anayesoma maandishi yaliyofifia.

"Mama, sisi hatukagui," alisema.

Ndani kulikuwa na kitanda, meza, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Fundi akatandika godoro juu ya mkeka.

"Mke wangu, unadhani kuna kitu humo?"

"Sijui."

Neno lile lilianguka sakafuni kama sarafu ya bati. Aliinamisha kichwa, akalipokea. Mke akapiga magoti, mtoto mkono mmoja, na mkono wa pili ukashuka juu ya godoro. Vidole vyake vilianza kubonyeza. Katikati, kisha pembeni, kisha kwenye mshono, taratibu, kama vidole vya fundi mwenyewe vilivyozoea kupapasa mito. Mke wake aliuona mkono wake mwenyewe, akauangalia kana kwamba ni wa mtu mwingine, akauvuta na kuuficha chini ya mtandio. Machozi yalimtoka.

"Tazama," alisema. "Na mimi nimeshakuwa hivi."

"Pole," alisema fundi.

Walikaa. Kisha mke akamnyooshea mtoto.

Bibi Mdogo alikuwa mzito kuliko alivyomkumbuka. Alimkunjia baba yake paji la uso, akamtathmini, akaona hafai lakini atavumilika, akashika kifungo cha shati. Utosi ulikuwa umeanza kufunga, lakini bado ulidunda chini ya nywele. Na sindano ikaja. Ikaja kama ilivyokuja siku ya kwanza, mkononi mwake, inashuka, na wazo likamwambia mrudishe, mrudishe sasa hivi.

Hakumrudisha. Mikono ilimtetemeka na aliiacha itetemeke. Mke wake aliona, hakuondoka pale alipoketi, wala hakumwambia kwamba hakuna kitu.

Mtoto alisinzia. Alimlaza kwenye godoro, naye akakaa chini kando yake, mikono wazi mapajani, anamtazama akipumua. Mara mtoto akashtuka usingizini, akakunja uso kama aliyechomwa. Kila kilichokuwa hai ndani ya fundi kikaruka kutaka kumnyanyua, kumgeuza, kupapasa chini yake.

Alikaa.

Mtoto akakunjua uso, akaendelea kulala. Huko nje mama mkwe aliuliza kama wamelala wote, na hakuna aliyemjibu.